Viti viwili vya Afrika Baraza la Usalama: kikwazo si wakubwa watano peke yao

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila Septemba marais wetu wakipanda jukwaani New York tunasikia kauli ile ile: Afrika ina nchi 54 kati ya 193 za Umoja wa Mataifa, ajenda nyingi za Baraza la Usalama zinahusu bara letu, na hatuna hata kiti kimoja cha kudumu. Ni kweli tupu na mimi nipo upande huo. Ila mjadala humu jukwaani huwa unaishia hapo hapo. Tunawalaani wale watano wa kudumu (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China), uzi unakufa. Leo naomba tuiangalie nyumba yetu wenyewe, kwa sababu mwaka 2005 mlango ulifunguka na sisi ndio tuliosita kuingia.

Kwanza sheria ikoje, maana wengi tunairuka.

Baraza lilianza 1945 likiwa na wajumbe 11, watano kati yao wa kudumu. Waafrika waliokuwepo San Francisco walikuwa Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya utawala wa wazungu. Basi. Sisi wengine tulikuwa makoloni. Tangu hapo Baraza limepanuliwa mara moja tu: azimio lilipita Desemba 1963, likaanza kufanya kazi 31 Agosti 1965, wajumbe wakawa 15. Walioongezwa wote ni wa muda. Wa kudumu hawakuguswa.

Tazameni kura ya 1963 ilivyokwenda. Ufaransa na Urusi ya Kisovieti walipinga. Marekani na Uingereza hawakuwa upande wowote. Katika watano, aliyeunga mkono ni mmoja tu, China, na kiti hicho enzi zile kilishikwa na serikali ya Taiwan. Lakini kufika 1965 wote watano walikuwa wameridhia. Kwa maoni yangu hakuna muujiza hapo: nchi mpya za Afrika na Asia zilikuwa nyingi, zilidai kitu kimoja kinachoeleweka, na hakuna mkubwa aliyetaka kuonekana ndiye anayewafungia mlango huku anawania urafiki wao.

Utaratibu wa kubadilisha umo Kifungu cha 108 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Unahitaji theluthi mbili ya wanachama wote wa Baraza Kuu, leo ni nchi 129. Halafu theluthi mbili hiyo hiyo ziridhie kwa taratibu zao za ndani, na humo lazima wawemo wote watano. Kwa hiyo mkubwa hana haja hata ya kusimama na kukataa. Akikalia faili tu, mabadiliko yamekufa.

Sasa 2005.

Machi mwaka ule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, aliweka mezani ripoti yenye mapendekezo mawili, yote ya Baraza la wajumbe 24. La kwanza liliongeza viti sita vya kudumu visivyo na turufu (ile kura ya mjumbe wa kudumu inayotosha peke yake kuua azimio) na vitatu vya muda. La pili halikuongeza kiti chochote cha kudumu, liliweka vinane vya miaka minne minne vinavyoweza kurudiwa na kimoja cha kawaida. Ujerumani, Japani, India na Brazil, wanaojiita G4, wakaandika rasimu yao: viti sita vipya vya kudumu, viwili vikiwa vya Afrika, na vinne vya muda, jumla 25. Kuhusu turufu walisema wapya wasiitumie mpaka suala hilo liangaliwe upya baada ya miaka 15.

Afrika nayo ilikuwa na msimamo wake, ule unaoitwa wa Ezulwini, kwa jina la bonde lililopo Eswatini ambako kamati ilikaa kuuandaa. Mawaziri waliupitisha Addis Ababa Machi 2005, viongozi wakaukazia Sirte, Libya, mwezi Julai. Unadai viti vya kudumu visivyopungua viwili vyenye haki zote zikiwemo turufu, pamoja na viti vitano vya muda, na Umoja wa Afrika (AU) ndio utakaochagua nani akae. Rasimu ya Afrika ilifikisha Baraza la wajumbe 26.

Pimeni tofauti ya rasimu hizi mbili. Kiti kimoja cha muda, na turufu. Viti viwili vya kudumu vya Afrika vimo kote kote. Umoja wa Mataifa wakati ule ulikuwa na wanachama 191, kura zilizohitajika 128, na Afrika ilikuwa na 53. G4 bila Afrika hawafiki. Afrika bila G4 haifiki. Mawaziri wa pande mbili wakakutana London 25 Julai kutafuta rasimu moja, na ilionekana njia ipo.

Tarehe 4 Agosti viongozi wa Afrika wakakutana tena Addis. Obasanjo wa Nigeria, mwenyekiti wa AU mwaka huo, aliwasihi wenzake walegeze ili kitu kipatikane. Wakakataa. Misri na Algeria walikuwa miongoni mwa waliosimama kidete kwamba turufu haijadiliwi. Septemba viongozi wa dunia wakakutana New York, wakaandika aya ya kuunga mkono mageuzi ya mapema, wakarudi makwao. Rasimu zote tatu (ya tatu nitaigusa sasa hivi) hazikuwahi hata kupigiwa kura.

Rasimu ya tatu ilikuwa ya wale waliopewa jina la Klabu ya Kahawa, kundi lililoanzishwa miaka ya 1990 na balozi wa Italia, Francesco Paolo Fulci, pamoja na wenzake wa Pakistan, Misri na Mexico. Hawa hawataki kiti kipya cha kudumu kwa mtu yeyote, waongezwe wa muda tu. Angalieni wanachama wake na jirani zao: Italia na Ujerumani, Pakistan na India, Mexico na Argentina kwa Brazil, Korea Kusini kwa Japani. Ukiongeza China, ambayo Aprili 2005 wananchi wake waliandamana Beijing na Shanghai kuipinga Japani, unaona kwamba kila eneo lina anayesema waziwazi, "Yule jirani yangu asipande."

Afrika nayo inao. Tofauti yetu ni kwamba sisi tumewaficha ndani ya msimamo mmoja. Viti ni viwili, na wanaojiona wanastahili ni Nigeria, Afrika Kusini na Misri kwa uchache. Nchi inayojua kwamba majina yakitajwa lake halimo, haina haja ya kupinga mageuzi. Inatosha iseme "Ezulwini yote au hakuna", ipigiwe makofi, na majina yasitajwe kamwe. Zaidi ya miaka 20 sasa AU haijatoa hata vigezo vya kuchagua, achilia mbali nchi zenyewe.

Mnadhani natia chumvi? Tukumbuke Juni 2020. Kiti ni cha miaka miwili tu, 2021 hadi 2022. AU ilishapiga kura Addis Agosti 2019, mabalozi wakaichagua Kenya kwa kura 37 dhidi ya 13 za Djibouti. Djibouti ikagoma, ikasema Kenya imeshakaa mara mbili, yenyewe mara moja, zamu ni yake. Mzozo ukahamia New York mbele ya dunia nzima, katikati ya korona, mabalozi wakiingia ukumbini kwa zamu kutumbukiza karatasi. Siku ya kwanza Kenya 113, Djibouti 78, theluthi mbili haikufika. Kesho yake ndipo Kenya ikapita kwa 129 dhidi ya 62. Hicho ni kiti cha muda, wakuu. Cha kudumu itakuwaje?

Hoja yangu: Afrika iamue nani na kwa masharti gani kwanza, ndipo ipige kelele ya turufu. Karibuni.

Mchangiaji wa 2, Nairobi

Ndugu, historia umeipanga vizuri lakini hitimisho nalikataa. Kiti cha kudumu bila turufu ni kukaa sebuleni bila kuruhusiwa kuongea. Septemba 2024 balozi wa Marekani, Linda Thomas-Greenfield, alitangaza kwamba nchi yake inaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, halafu ikafafanuliwa kuwa turufu hawataki kuipanua. Hiyo ni daraja la pili kwa Mwafrika, na imesemwa kwa uso mkavu.

Rais Bio wa Sierra Leone alilisema wazi ndani ya Baraza lenyewe Agosti 2024: Afrika inataka turufu ifutwe, lakini kama itabaki, basi ipewe wajumbe wote wapya wa kudumu. Hakuna kigeugeu hapo. Na usisahau kuna Kamati ya Kumi ya AU inayoshughulikia jambo hili, Sierra Leone mratibu, Kenya na Uganda zimo. Kazi yao imezaa: Mkataba wa Zama Zijazo wa Septemba 2024 umeandika kwamba dhuluma ya kihistoria dhidi ya Afrika irekebishwe kama kipaumbele. Hilo halikuwepo 2005. Unataka tulegeze leo, wakati ndio wanaanza kusogea?

Na Djibouti haikuwa njama ya kuua mageuzi. Ilikuwa nchi inadai zamu.

Mleta uzi

Mkuu wa Nairobi, asante, hii ndiyo michango niliyoitaka.

Kwa Djibouti nakubali, ilidai zamu. Ninachoonyesha ni kwamba uamuzi wa AU haukumfunga mwanachama wake. Kama leo haumfungi kwa miaka miwili, kesho Afrika ikitaja majina, nani atamfunga aliyekosa asipige kampeni ukumbini?

Kuhusu turufu, nichukue mfano ulio karibu zaidi na uchungu wetu. Novemba 18, 2024 Baraza lilipigia kura rasimu ya kusitisha mapigano Sudan. Walioiandika ni Uingereza na Sierra Leone, huyo huyo mratibu wa Kamati ya Kumi. Wajumbe 14 wakaunga mkono, Urusi ikapiga turufu, ikafa. Sasa jiulize: Sierra Leone ingekuwa na turufu siku ile ingebadilisha nini? Hakuna. Turufu inazuia, haipitishi. Watu wa El Fasher, mji uliozingirwa huko Sudan, walihitaji azimio lipite.

Turufu ingetusaidia pale ambapo tunataka jambo lisifanyike. Mfano ni Libya, Machi 17, 2011, azimio namba 1973 lililoruhusu nguvu za kijeshi kwa jina la kulinda raia. Barazani walikuwemo Nigeria, Afrika Kusini na Gabon. AU ilikuwa na kamati yake ya marais iliyotaka kwenda Tripoli kusuluhisha. Wote watatu walipiga kura ya ndiyo. Wangekuwa na turufu wasingeitumia, kwa sababu hakuna chombo kilichowalazimisha kupiga kura kama AU inavyotaka. Kwa hiyo mimi nauliza kabla ya turufu: huyo mwenye kiti atamwakilisha nani?

Mchangiaji wa 4, Goma

Ndugu zangu, mimi niko Goma, nitasema ninachokiona kutoka huku.

Maazimio yote juu ya Kongo kalamu yake inashikwa na Ufaransa. Ndiyo inaandika rasimu ya kwanza, wengine wanasahihisha. Ya Somalia na Sudan inashikwa na Uingereza. Hayo hayako ndani ya Mkataba, ni mazoea tu. Mwaka 2013 azimio 2098 lilileta kikosi cha kushambulia waasi, na vijana wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wakaja kupigana. Wapo waliokufa, pale Semuliki Desemba 2017 Watanzania wengi kwa usiku mmoja. Afrika ilitoa damu, kalamu ilibaki Paris.

Januari 2025 mji wetu ukachukuliwa na waasi wa M23. Februari Baraza likapitisha azimio 2773 kwa kura zote 15, likaitaka M23 iondoke na Rwanda iondoe majeshi yake. Hakuna aliyepiga turufu. Na miezi ikapita waasi wangali mjini. Kwa hiyo hata turufu isipokuwepo, azimio peke yake halimtoi mtu.

Wasiwasi wangu ni huu: siku Afrika ikipata mwenye turufu, na huyo akawa rafiki wa anayetushambulia, tutakwenda kulia kwa nani? Wengine humu mnakumbuka kwamba Aprili 1994 Rwanda yenyewe ilikuwa na kiti barazani. Mwakilishi wa serikali iliyokuwa inaua watu wake alikaa mezani siku walipopitisha azimio 912 la kupunguza walinda amani mpaka 270. Mtu wa serikali hiyo angekuwa na turufu, angeweza kuzuia azimio lolote la kuongeza walinda amani.

Kongo tumechaguliwa kukaa barazani 2026 na 2027. Ni jambo jema, lakini ni miaka miwili.

Mchangiaji wa 5, Dar es Salaam

Vijana wangu, poleni na kazi. Nimesoma yote.

Mnaongea turufu kama jambo la vitabuni. Sisi ilitupata. Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipoirudishia China ya Beijing kiti chake, balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alikuwa mstari wa mbele kwenye kuipigania, na ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Wamarekani walikuwa wametaka Taiwan ibaki. Miaka kumi baadaye Salim akagombea Ukatibu Mkuu akiwa na Afrika nyuma yake. China ikamzuia Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo, Marekani ikamzuia Salim, raundi baada ya raundi, wiki baada ya wiki, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na Pérez de Cuéllar wa Peru akapita.

Kwa hiyo anayeniambia Afrika ikubali kiti kisicho na turufu, namuomba anieleze itakuwaje siku mwenzetu mwingine akisimama. Kijana wa Nairobi namuunga mkono.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa kweli, na hili la Salim linaniuma mpaka leo ingawa nimelisoma tu.

Naliheshimu. Nisieleweke kwamba natetea turufu ya watano. Ile ya kuahirisha kwa miaka 15 iliyokuwemo kwenye rasimu ya G4, hata kama ingesubiri kuridhiwa, leo tungekuwa tumo ndani, tunadai hiyo turufu tukiwa tumekaa mezani, na tungekuwa na kalamu aliyoisema ndugu wa Goma. Mjumbe wa kudumu anakaa miaka yote, anajua faili la mwaka juzi liliandikwaje na nani aliahidi nini faraghani. Wa muda anajifunza mwaka mzima, akishaelewa anaondoka. Kwangu mimi nguvu hiyo si ndogo, na ndiyo tuliyoiacha Addis. Kwamba wote watano wangeridhia, hilo ni suala jingine. China kwa Japani ingekuwa kazi. Lakini lawama ingekuwa ya kwao, na sisi tungekuwa na kura 128 mkononi.

Mchangiaji wa 7, Kampala

Mkuu unazunguka. Umesema Afrika itaje majina. Wewe ungetaja nani? Na sisi Afrika Mashariki tunaishia wapi kwenye mpango wako?

Mleta uzi

Swali halali, najibu.

Kwanza tuangalie chombo ambacho tayari tunacho. Baraza la Amani na Usalama la AU lilianza kazi 2004. Lina wajumbe 15, kumi wa miaka miwili, watano wa miaka mitatu. Hakuna wa kudumu, hakuna mwenye turufu. Sisi wenyewe tulipopewa nafasi ya kuunda baraza tuliliunda hivyo. Lakini ndani yake Nigeria imekuwemo tangu mwanzo bila kukatika. Haikuandikwa popote kwamba iwe ya kudumu. Majirani zake wa Afrika Magharibi wamekuwa wakikubaliana kila uchaguzi kwamba kiti cha miaka mitatu kiende kwake, wakijua ndiyo iliyobeba mzigo Liberia na Sierra Leone miaka ya 1990, kwa askari na kwa fedha. Kwa hiyo jina la kwanza kwangu ni Nigeria, na sababu kubwa kuliko idadi ya watu wake ni hiyo ridhaa ya jirani.

La pili ningesema Afrika Kusini. Misri siipuuzi, lakini kundi la nchi za Kiarabu nalo linadai kiti chake cha kudumu, na Misri ina mguu kote kote. Ningetaka kwanza ichague inadai kwa jina la nani. Afrika Kusini nayo haijapata ridhaa ya jirani kama Nigeria. Iende SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaiombe, ipigiwe kura, matokeo yatangazwe. Na wote wawili waweke sahihi kwamba likija suala ambalo Baraza la AU limeshaamua, watapiga kura kwa uamuzi huo. Asiyetaka sharti hilo aachie mwingine.

Afrika Mashariki kiti cha kudumu hatukipati, nakwambia ukweli. Tunachokipata ni hivi viti vitano vya muda vilivyomo kwenye Ezulwini ambavyo hakuna anayevizungumzia. Leo Afrika nzima inagawana vitatu. Vikiwa vitano, kila kanda ya AU, yaani kaskazini, magharibi, kati, mashariki na kusini, inaweza kuwa na chake wakati wote. Tanzania tangu uhuru imekaa mara mbili tu, 1975 hadi 1976 na 2005 hadi 2006. Uganda mara tatu, na ile ya 1966 ilikuwa mwaka mmoja. Kenya mara tatu. Kwa hesabu ya viti vitano, kanda yetu haitakosa mtu mezani mwaka wowote, na kina Djibouti hawatakuwa na sababu ya kugombana na Kenya New York.